Grili Bila Mchoro: Shajara ya Uhunzi, Kamukunji

8 Februari 2025: Dirisha na masharti yake

Dirisha lina upana wa milimita 1,200 na kimo cha milimita 900. Ni la nyumba ya dada yangu, ghorofa ya chini, Umoja, Nairobi, katika chumba ambacho watoto wa ploti hukusanyika jioni kufanya kazi zao za shule. Karibu kila dirisha la chini katika jiji hili lina grili, na karibu zote ni za tumbo moja: vyuma vya mraba vilivyokatwa kwa greinda, maua yaliyokunjwa baridi kwenye jigi (kifaa cha kukunjia), yote yakachomelewa kwa mchana mmoja. Mwizi zinamzuia. Lakini mtoto anayeinua macho kutoka kwenye daftari anaitazama grili hiyo miaka nenda miaka rudi, na naamini anastahili kuona kitu ambacho mkono wa mtu ulikiamua.

Mradi wenyewe ni kuitengeneza grili hii kwa moto na nyundo, bila mchoro. Kilichopimwa ni fremu tu. Ndani yake kila chuma kitapata umbo juu ya fuawe, kile chuma kizito cha kugongea. Masharti yapo: nafasi yoyote isipitishe mpira wa sentimita 10, upande wa ndani usiwe na ncha kali, na sehemu moja ifunguke kwa bawaba kutoka ndani, kwa maana grili isiyofunguka ni mtego nyumba ikishika moto. Anayetunga shairi la mizani 16 kwa mshororo atanielewa. Mipaka ikishajulikana, ndani yake mtu anathubutu.

Nairobi inaijua sanaa ya chuma, sanasana ile ya kuchomelea. Kioko Mwitiki amejulikana kwa wanyama wake wakubwa wa vyuma chakavu, na wengi wamefuata njia hiyo ya kuokota vipande, kuvipanga na kuviunganisha. Uhunzi ni kazi nyingine. Hapa hakiongezwi kipande. Chuma kilekile kinasogezwa kikiwa laini, na kinakuwa laini kwa muda mfupi sana. Nyundo hushuka kabla kichwa hakijamaliza kufikiri, na ndiyo sababu nimeichagua kazi hii kwa dirisha hili.

Kazi inafanyika kwenye kibanda cha mhunzi ninayemwita Mzee, Kamukunji, upande unaopakana na Gikomba. Majirani zake wengi ni watu wa bati: masanduku ya shule, karai, majiko, mikokoteni. Yeye anafua tindo, patasi na majembe kutoka kwa springi za malori. Nilipomweleza ninachotaka alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi chuma nakijua. Hiyo sanaa utaitafuta mwenyewe, ila moto wangu utautumia vizuri."

15 Februari: Tanuri, hewa na fuawe

Mzee ana tanuri lake, lakini nilitaka langu ili nisimkatize riziki. Nimetumia rimu ya gurudumu la lori (shilingi 800), nikaikandika kwa udongo wa mfinyanzi, nikapitisha bomba la hewa chini. Feni ni ile ya hita ya gari, volti 12, kutoka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road: shilingi 1,500, na kifaa cha kuiunganisha na umeme wa nyumba shilingi 800.

Ukandikaji wa kwanza ulipasuka wote. Udongo mtupu uliokaushwa kwa jua hunywea haraka juu huku ndani ungali mbichi. Dawa yake ilikuwa kuchanganya udongo na mchanga na majivu, kukandika kwa tabaka nyembamba, na kufunika kwa gunia bichi siku kadhaa kabla ya kuwasha moto mdogo wa vijiti.

Feni nayo ilikuwa na shida yake. Moto uliwaka, chuma kikawa chekundu, kikagoma kufika manjano. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo feni ileile inaleta oksijeni kidogo zaidi kwenye makaa. Nilifupisha bomba, nikaziba mianya yote kwa udongo, nikatumia njia ya hewa isiyo na kona kali. Joto likapanda. Halafu nikahitaji kinyume chake: kilango cha bati cha kupunguza hewa, maana feni isiyodhibitiwa hula makaa hata wakati hakuna chuma ndani.

Kuhusu makaa: tunatumia ya miti, yaliyovunjwa hadi ukubwa wa ndimu. Gunia ni shilingi 3,000. Moto uwe na kina. Chuma kikikaa karibu na tundu la hewa hupigwa na upepo ambao bado una oksijeni nyingi, na hutoka na magamba mazito yanayoacha mashimo kwenye uso wa chuma. Kiwekwe juu kidogo, katikati ya kaa lililoiva, na makaa mengine yakifunike.

Fuawe ya Mzee ni kipande cha reli alichokirithi. Anayetaka kuiga asitafute reli. Mnamo Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini baada ya uharibifu wa miundombinu ya umma, na ilipofunguliwa tena Mei mwaka huo masharti yalikazwa. Nunua kwa mwenye leseni na uchukue risiti. Ekseli ya lori iliyokatwa, ikasimamishwa wima ndani ya gogo huku sahani yake ikiangalia juu, inatosha kabisa. Kuisimamisha wima ni muhimu, kwa sababu uzito wote unakaa moja kwa moja chini ya kipigo, na nguvu ya mkono haipotei kwenye mtikisiko.

1 Machi: Jua linaficha rangi

Vyuma vimefika: vya mraba vya milimita 12, vitano vya mita 6, shilingi 1,100 kila kimoja. Bapa la milimita 30 kwa 6 la fremu, shilingi 1,350. Muuzaji alinishawishi nichukue na mabomba mepesi ya maji kwa bei nafuu. Nilikataa, na yeyote akatae. Mabomba hayo yamepakwa zinki, na zinki huchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi, chini ya joto la kufulia. Moshi wake mweupe humlaza mtu kwa homa na kifua kilichobana.

Fremu ilikwenda bila shida. Vyuma vya ndani ndivyo vilivyosumbua, na tatizo lilichukua muda kuonekana.

Nilikuwa nimeweka tanuri ukingoni mwa kibanda, penye hewa. Saa sita mchana jua linaingia hapo kama maji. Chuma nilichokiona chekundu hafifu kilikuwa tayari cha rangi ya chungwa, na nilichokiona cha chungwa kilikuwa manjano kali. Vyuma viwili vikatoka vikirusha cheche ndogo nyeupe zenye matawi. Cheche hizo ni chuma chenyewe kinachoungua. Sehemu iliyofika hapo hairudi: chembe zake zimeachana, na ukiigonga inamomonyoka. Nilikata vipande hivyo nikavitupa. Kinyume chake nacho kilitokea. Chuma nilichodhani kimeiva kilikuwa kimepoa, nikakipiga, na ncha ikapasuka kwa urefu.

Rangi ndiyo kipimajoto cha mhunzi, na kwa kufua hana kingine. Rangi ya damu ni takriban nyuzi 700 na kitu. Hapo unanyoosha tu na kusawazisha. Chungwa, nyuzi 900 hadi 950, unakunja na kusokota. Manjano ya embe bivu, 1,050 hadi 1,150, ndipo chuma kinasogea kweli na ndipo kurefusha na kupasua kunafanyika. Weupe unakukaribisha kwenye hasara. Yote haya ni kwa jicho lililo kivulini. Kwenye jua, hatua nzima inapotea.

Tulihamisha tanuri hadi pembe ya nyuma, nikatundika gunia na bati kukinga mwanga. Na sasa mwezi mtukufu unaanza. Mzee anafunga, kwa hiyo mchana hakai karibu na moto. Ameamua tufanye kazi alfajiri, baada ya daku na swala. Gikomba huwa macho saa kumi usiku, marobota ya mitumba yakifunguliwa kwa taa za mkononi, kwa hiyo nyundo zetu hazimsumbui mtu.

15 Machi: Alfajiri

Hatua hii ndiyo imeubadilisha mradi, na nataka nikae nayo.

Kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na nusu kuna giza la kutosha ndani ya kibanda kuuona moto kama ulivyo. Chuma kikitoka tanurini hakina rangi moja. Ncha ni manjano, inashuka hadi chungwa, damu, halafu kijivu kwenye koleo, na mstari kati ya rangi na rangi unatembea ukiutazama. Chuma cha milimita 12 kinanipa kama sekunde 10 hadi 15 za kazi nzuri. Ncha iliyokwisha kukondeka inanipa nusu yake. Hakuna muda wa kuuliza, "sasa nipige wapi?" Swali hilo likiulizwa, joto limekwenda.

Kwa hiyo tulianza na mpangilio wa kila kitu kinachozunguka sekunde hizo. Nyundo mahali pake pamoja, mpini ukielekea mkononi. Koleo zote zimefunguka, kila moja imekunjwa upya kinywa chake kwa ukubwa wa chuma itakachokishika, kwa sababu koleo linaloteleza linaiba akili. Fuawe hatua moja kutoka tanurini, uso wake ukifika kwenye vifundo vya ngumi nikiwa nimesimama wima. Ndoo ya maji kushoto. Jambo likishapangwa hivi, mwili hauna la kutafuta, na mkono unabaki na kazi moja ya kuitikia.

Na kuna mengi ya kuitikia. Chuma kilichoiva kikipigwa hutoa sauti fupi iliyoshiba. Kikipoa sauti inapanda na kuanza kulia, na nyundo inaruka juu zaidi. Kupitia koleo unahisi kikianza kukataa kabla rangi haijakwambia. Kwa sasa nasikia mlio kabla ya kuona rangi. Mzee anapofua hatazami nyundo hata kidogo, anatazama mahali itakapoanguka.

Anagonga pia vipigo vitupu, vidogo, pembeni mwa fuawe, kati ya vipigo vya kazi. Nilidhani ni mazoea. Ni hapo anapofikiri. Mkono haujavunja mwendo, macho yanasoma chuma, na baada ya vigongo viwili vitatu uamuzi umeshafika kwenye nyundo. Nimeanza kufanya vivyo hivyo, na kazi imepata pumzi.

Kwa vyuma vinene anakuja kijana mwenye nyundo ya kilo 4. Hawazungumzi, kelele haziruhusu. Mzee anagusa kwa nyundo yake ndogo, kijana anapiga palepale. Akigusa kwa ulalo, kijana anainamisha. Akiilaza nyundo ubavu juu ya fuawe, kijana anaacha. Jozi hii ina historia ndefu katika nchi hii. Waturi, wahunzi wa Agikuyu, walipata madini yao kwa kuosha mchanga mweusi wa mito, na laana ya mhunzi iliogopwa. Il-kunono, wahunzi wa Wamaasai, walifua mikuki na sime za jamii iliyowatenga na isiyokubali kuoana nao. Nikiwatazama Mzee na kijana wake naelewa kwa nini watu waliwaogopa: wawili wanaamua pamoja ndani ya sekunde chache, bila neno, na umbo linatokea.

22 Machi: Tindo zilizopasuka

Nilihitaji tindo ya kupasulia ncha za vyuma vikiwa moto, na vifaa vya kutobolea. Chuma cha springi ya lori, kilo 6 kwa shilingi 100 kila kilo. Springi ina kaboni takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, ilhali vyuma vya grili vina chini ya robo asilimia. Ndiyo maana springi inaweza kuwa ngumu na vile haviwi vigumu hata uvitie majini vikiwa vyeupe.

Tindo ya kwanza niliitia majini. Ikalia *ting*, na ufa ukatokea kutoka makali hadi katikati. Ya pili ikafuata. Springi nyingi zina kromi kidogo au silikoni, na maji huzipoza kwa kasi isiyovumilika: nje inakuwa ngumu na kutanuka upya huku ndani bado haijabadilika, na chuma kinajirarua.

Iliyofaulu ilikwenda hivi. Ipashe hadi sumaku isiishike, halafu kidogo zaidi. Chuma hupoteza usumaku kwa nyuzi 770, kwa hiyo sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye waya ni kipimo kizuri kuliko jicho. Izamishe wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyokwisha kukaangia chipsi, yaliyopashwa hadi yawe vuguvugu, huku ukiitikisa kwa kwenda chini na juu. Mafuta machafu ya injini hufanya kazi pia, lakini moshi wake una sumu na sikuutaka kwenye mapafu ya mtu aliyefunga. Kisha sugua makali hadi yang'ae, pasha upande wa nyuma taratibu, utazame rangi nyembamba zikitembea kuelekea makalini: manjano hafifu, kahawia, zambarau. Zambarau ikifika, nyuzi 280 hivi, ipoze mara moja. Upande unaogongwa na nyundo uachwe laini, usije ukarusha vipande machoni.

5 Aprili: Vyuma vizuri visivyoelewana

Fremu ya upana huu inahitaji vyuma kumi vya wima ili nafasi zisizidi sentimita 10. Nilikuwa nimefua saba. Kila kimoja nilikipenda. Kimoja kilikuwa na msokoto mrefu, kingine tumbo lililonenepeshwa kwa kukishindilia wima, kingine ncha iliyopasuliwa na kufunguliwa pande mbili. Nilivipanga ndani ya fremu sakafuni.

Vilikuwa kelele tupu. Hapa matumbo mawili yaligusana, pale pakabaki nafasi ya sentimita 14. Kila chuma kilitaka kutazamwa peke yake. Mzee alisimama juu yao kwa muda, akasema, "Vyote vinazungumza. Kipi kinasikiliza?"

Tatizo halikuwa ustadi. Nilikuwa nimekifua kila chuma peke yake, siku yake, kwa hamu ya siku hiyo. Mkono uliitikia moto ulio mbele yake, lakini haukuwa na kitu kingine cha kuitikia. Watu hudhani kufanya kazi kwa hisia ni kufanya lolote linalokuja. Linalokuja, likija mahali pasipo na chochote, huwa ni mazoea na mapambo.

Tuliiburuta fremu hadi chini ya fuawe, ikalala hapo miguuni. Sasa utaratibu ni huu: nalaza chuma kilichopoa mahali pake, nachuchumaa, natazama nafasi tupu iliyo kati yake na kinachofuata, maana nafasi hiyo ndiyo itakayoonekana na mwanga wa jioni kuliko chuma chenyewe. Sichori kitu. Naitazama mpaka niweze kuifuata kwa kidole hewani, kisha natia chuma motoni. Kikiiva, mkono unakwenda.

Jambo la pili lilitokea lenyewe. Mkono wangu hutua nyundo ikiwa imeinama kidogo upande wangu. Ukingo mmoja wa chuma hukondeka na kurefuka kuliko mwingine, na chuma hujipinda kuelekea ule uliobaki mnene. Wiki zote hizi nilikuwa nakinyoosha kila kimoja baadaye, nikihesabu hilo kuwa dosari. Kwa chuma cha kwanza cha safu mpya niliacha. Kikainama kulia, kidogo sana, kama robo ya kiganja kwenye kimo chote. Cha pili nikakiacha kiiname zaidi. Cha tatu kikarudi nyuma kidogo ili kumpa wa pili nafasi. Yale niliyoyatafuta kwa misokoto na mapambo, umoja wa kitu kizima, yalikuwa yanatoka kwenye bega langu tangu mwanzo. Mwingine akiiga mradi huu vyuma vyake vitainama kwa namna yake, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kati ya vile saba nimebakiza viwili. Vingine vitakuwa ndoano za makoti.

Tahadhari ya vipimo, kwa sababu hisia haifuti hesabu: chuma hakipotei, kinahama. Ukikondesha ncha kutoka milimita 12 hadi 6 kila upande, eneo lake limekuwa robo na urefu umekuwa mara nne. Sentimita 5 zimekuwa 20. Tia vitone kwa msumari mgumu kabla ya kupasha, chaki hufutika motoni. Na usipime chuma kikiwa moto: kipande cha sentimita 30 chenye rangi ya chungwa ni kirefu kwa milimita 3 au 4 kuliko kitakavyokuwa kikipoa.

26 Aprili: Vikuku na mlango wa dharura

Sitaki kuchomelea mahali panapoonekana. Vyuma vinashikwa na fremu kwa ncha zilizopitishwa kwenye matundu na kupigwa vichwa kama ribiti, na panapokaribiana vinafungwa kwa vikuku vya bapa la milimita 20 kwa 3 (shilingi 450 kwa mita 6). Kikuku kinakunjwa kikiwa cha moto, kinapigwa haraka, na kikipoa kinajikaza chenyewe.

Vya kwanza vilicheza kama pete ya kuazima. Urefu ulikuwa sahihi kwa mzunguko wa vyuma, lakini bapa linapokunjwa kona linahitaji unene wake nalo. Kanuni inayofanya kazi: mzunguko wa vyuma vinavyofungwa, jumlisha unene wa kikuku mara mbili, kisha ujaribu kwenye mabaki kabla ya kukata vyote. Pembe tatu zikunjwe kwanza, ya nne ifungwe juu ya vyuma vyenyewe. Lazima kiwe cha chungwa kinapofungwa. Kikiwa chekundu tu hakina mnyweo wa kutosha kushika.

Sehemu inayofunguka ilinikalisha chini. Bawaba zinataka mstari ulionyooka, na vyuma vyangu vyote vinainama. Kukata mstari wima katikati ya mwinamo kungeua kila kitu. Hatimaye bawaba zikakaa kwenye ubavu wa fremu, ambao umenyooka, na ukingo unaofunguka ukafuata mpindo wa chuma cha saba. Hapo pakahitajika pacha: chuma kingine chenye mpindo uleule, kimoja kikae kwenye sehemu isiyosogea, kingine kwenye mlango. Mkono hauwezi kurudia uamuzi wake kwa usahihi huo, na nilipojaribu kufua pacha kwa macho viliachana milimita nyingi katikati. Ilibidi kuvinyoosha vyote viwili, kuvifunga pamoja kwa waya, kuvipasha pamoja kipande kwa kipande na kuvikunja kwa pamoja juu ya pembe ya fuawe. Mpindo mpya haukuwa ule wa kwanza. Ni bora kuliko ule wa kwanza, kwa sababu chuma kinene mara mbili hukunjika polepole na kwa upana.

10 Mei: Mvua

Tangu masika yaanze nilikuwa nimetundika mabaki nje ya kibanda, kila kimoja na ukamilisho wake. Nilichotamani ni nta ya nyuki iliyopakwa chuma kikiwa na joto: inaacha weusi wenye kina, na kila alama ya nyundo inaonekana. Kilichopakwa nta kilishika kutu ndani ya wiki chache za mvua, kuanzia kwenye kingo. Kilichopakwa rangi juu ya magamba ya moto kilikuwa kibaya zaidi, kwani magamba yalibanduka na kuibeba rangi.

Kwa hiyo magamba yote yaondoke kwanza. Nilizamisha vyuma kwenye siki kwa usiku mzima, katika bomba la plastiki lililozibwa upande mmoja, nikavisugua kwa brashi ya waya, nikavisuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, nikavikausha motoni palepale. Vikiachwa na unyevu vinakuwa vyekundu ndani ya saa moja. Upande wa nje umepata rangi ya kuzuia kutu na tabaka mbili nyembamba za rangi nyeusi isiyong'aa. Upande wa ndani, ambako mvua haifiki na watoto hugusa, nimepaka nta. Siki shilingi 600, nta 900, magadi 50, rangi 1,200.

24 Mei: Ukutani

Ukuta ni wa mawe ya kuchonga. Masikio ya fremu yameingizwa kwenye matundu yenye kina cha sentimita 10 na kujazwa saruji kwa mchanga, moja kwa tatu, grili ikashikiliwa kwa mbao wiki nzima. Mpira wa sentimita 10 umezungushwa kila nafasi. Ulipita mahali pamoja, chini kushoto, penye ncha iliyopasuliwa. Nikaifungua ile ncha baridi kwa bomba refu, milimita chache, haikupita tena.

Gharama yote ni shilingi 44,450. Magunia ya makaa pekee ni 12,000, zaidi ya mara mbili ya bei ya vyuma vya mraba, malipo ya Mzee na kijana wa nyundo 18,000, usafiri 700, mengine nimeyataja yalipotokea. Fundi wa kuchomelea angeweka grili ya kawaida kwa kama 5,000. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaipunguza kwa maneno. Anayeiga anaweza kuokoa makaa kwa kukipa kilango cha hewa umuhimu tangu siku ya kwanza, na kwa kutowasha tanuri kabla hajaitazama nafasi anayoijaza.

Watoto wameuliza kama ni mvua au ni nyasi. Dada yangu amewaambia waangalie vizuri. Mzee alikuja Jumapili kuiona, akapitisha kiganja juu ya chuma cha tatu, kile kilichorudi nyuma, akauliza kilipigwa saa ngapi. Nikamwambia karibu na mapambazuko. Akaitikia kwa kichwa na kuomba chai.

Ufunguo wa mlango wa dharura unaning'inia kwenye msumari ndani ya chumba, kimo ambacho mtoto wa darasa la tatu anafikia, mbali na mkono wa mtu aliye nje. Kila mtoto ameufungua mwenyewe. Bawaba ya chini bado ni nzito. Itasuguliwa na kutiwa grisi kabla ya Juni. Dirisha la jikoni ni milimita 600 kwa 600, na fremu yake imeshakatwa.